Nyongo Imekwama Wapi? Majibu kwa Wasomaji wa Tanga

Barua za mwezi huu karibu zote zina neno moja: nyongo. Mmoja anasema ana nyongo kwa kuwa anatapika maji machungu asubuhi, mwingine kwa kuwa macho yamegeuka rangi, wa tatu ameonyeshwa mawe kwenye picha. Huku pwani neno hili limebebeshwa mizigo mingi, na wagonjwa wawili wenye maradhi tofauti kabisa huondoka dukani na dawa ileile. Nyongo si ugonjwa. Ini la mtu mzima hutengeneza baina ya nusu lita na lita nzima kila siku, na bila hiyo mafuta ya chakula hayasagiki. Sehemu yake huhifadhiwa katika mfuko mdogo chini ya ini, unaochukua mililita 30 hadi 50, kiasi cha kikombe kimoja cha kahawa ya barazani. Kutoka hapo hushuka kwa mrija unaopita kwenye kichwa cha kongosho na kumwagikia utumboni. (Na yale maji machungu ya njano unayotapika tumbo likiwa tupu si dalili kwamba nyongo "imezidi", ni kwamba hakuna kingine cha kutapika.)

Kwa kila barua, basi, tumejiuliza: nyongo imekwama njiani, au ini lenyewe ndilo linaloumwa?

Asalaam aleikum. Mimi ni mama wa watoto wanne, Makorora. Mwaka mzima nashikwa na maumivu chini ya mbavu za kulia, hasa usiku nikiwa nimekula wali wa nazi au bajia. Yanapanda mpaka begani. Nimemeza dawa za vidonda vya tumbo miezi sita bila nafuu. Juzi ultrasaundi imeonyesha mawe kwenye nyongo. Wifi yangu ananiambia ninywe mafuta ya zeituni na ndimu, yeye yalimtoka mawe ya kijani tele. Niyanywe, au nikubali kupasuliwa?

Waaleikum salaam, mama. Umeyaeleza maumivu ya mawe ya nyongo vizuri kuliko vitabu vingi. Ukila mafuta, utumbo hutuma kichocheo na mfuko wa nyongo hujikamua. Jiwe likikaa mlangoni, mfuko unakamua pasipo njia. Maumivu hupanda haraka, hukaa nusu saa hadi saa kadhaa, kisha jiwe likirudi nyuma hukatika kama hayakuwapo. Wiki nzima au mwezi unaweza kupita kabla hayajarudi. Vidonda vya tumbo haviendi hivyo: huchoma karibu kila siku, na hubadilika ukila au ukimeza dawa. Miezi sita ya dawa za vidonda bila nafuu ilitosha kuwa sababu ya kupiga picha mapema.

Sasa yale mawe ya wifi. Ni kweli alitokwa na vitu vya kijani, hakuona njozi. Lakini mafuta mengi yakichanganyika tumboni na maji ya ndimu na chumvi za mwilini hugeuka vidonge vya sabuni, laini, vinavyobonyea kwa kidole. Vimewahi kupimwa maabara: vilipopashwa hadi nyuzi 40 kwa dakika 10 viliyeyuka vikawa mafuta ya kijani. Jiwe halisi la nyongo haliyeyuki kwenye maji ya uvuguvugu. Akirudia ultrasaundi atayakuta mawe yake palepale. Ubaya mwingine ni kwamba kikombe cha mafuta kwa mpigo kinaufanya mfuko ujikamue kwa nguvu zote, na jiwe dogo linaweza kusukumwa likakwama kwenye mrija mkuu. Usiyanywe.

Vipo vidonge vya kuyeyusha mawe, vyenye asidi ya ursodioksikoliki. Vinafaa kwa mawe madogo ya kolesteroli yasiyo na chokaa, mfuko ukiwa bado unafanya kazi. Humezwa miezi 6 hadi 24, na karibu nusu ya waliopona hurudiwa ndani ya miaka mitano. Kwa mtu aliyeumwa mwaka mzima kama wewe, hatuoni kuwa ndiyo njia.

Ushauri wetu ni upasuaji wa kuondoa mfuko wote, si kutoa mawe na kuacha mfuko, maana mfuko huohuo utayatengeneza tena. Ukipatikana upasuaji wa matundu, hutobolewa sehemu tatu au nne ndogo na wengi hutoka wodini siku ya pili. Usipopatikana, mkato wa chini ya mbavu za kulia unafanya kazi ileile, ila kidonda kinachukua wiki kadhaa kupona. Baada ya hapo ini huendelea kumwaga nyongo moja kwa moja utumboni. Wachache huharisha wiki za mwanzo, kisha huzoea. Laiti mawe yangeonekana kwa bahati tu bila kukuuma tungekuambia uyaache: katika watu 100 wa namna hiyo, ni 1 hadi 4 tu kwa mwaka wanaoanza kuumwa.

Kabla ya tarehe ya upasuaji, soma tena karatasi ya ultrasaundi. Tafuta unene wa ukuta wa mfuko (ukizidi milimita 3 tunashuku uvimbe wa maambukizi) na upana wa mrija mkuu (ukizidi milimita 6 huenda kuna jiwe limeshateleza humo, na hilo lishughulikiwe kwanza au pamoja). Kama vipimo hivyo havikuandikwa, omba virudiwe, na nenda ukiwa hujala kwa saa 6 hadi 8. Hata chai ya maziwa ya alfajiri hukaza mfuko, na mpimaji ataona kitu kama zabibu iliyosinyaa.

Unapongoja, pika kwa tui la pili, kasimele liache, na vya kukaanga viepuke. Lakini usijinyime chakula ili upungue haraka: kupoteza zaidi ya kilo moja na nusu kwa wiki kunazalisha mawe mapya. Maumivu yakija, sindano ya diklofenaki miligramu 75 hutuliza vizuri, ila si kwa mwenye mimba, mwenye figo mbovu wala mwenye vidonda vya tumbo vilivyothibitishwa. Yakizidi saa 6 mfululizo, au ukipata homa, au macho yakaanza njano, nenda hospitali usiku huohuo. Mfuko ulioshika uvimbe unapasuliwa vizuri zaidi ndani ya siku 3 za mwanzo; ukichelewa nyama zinashikamana na kazi inakuwa ngumu.

Mama mwingine wa Chumbageni ameuliza kama mtoto wa miaka 11 mwenye selimundu anaweza kupata mawe haya. Ndiyo, tena bila kula mafuta yoyote. Chembe nyekundu zake huvunjika mapema, rangi yake hulundikana kwenye nyongo na kuganda kuwa mawe meusi. Akilalamikia tumbo la juu upande wa kulia, usidhani kila mara ni "mashambulizi" ya kawaida, apigwe ultrasaundi.

Shikamoo daktari. Nina miaka 24, naishi Ngamiani. Nilichangia damu, baada ya muda nikaitwa na kuambiwa nina homa ya ini B. Siumwi kitu. Nyumbani sasa nina sahani yangu na kikombe changu, na shemeji hataki nimbebe mtoto wake. Kuna mtu ananiuzia dawa ya majani anasema inasafisha ini kabisa. Nianze dawa gani?

Marahaba, kijana wetu. Kabla ya dawa, sahani yako irudi kabatini ilale pamoja na za wenzako. Kirusi hiki hakipiti kwenye chakula, kikombe, mkono wala mbu. Hupita kwenye damu (wembe, sindano, mswaki wenye damu), kwenye ngono, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Mbebe mtoto wa shemeji. Kadi yake ya kliniki itakuonyesha kama kakingwa: chanjo hii imo katika ratiba ya watoto nchini tangu mwaka 2002, hupewa wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Wakubwa wa nyumba hiyo, na mchumba kama yupo, wapimwe. Wasio na kirusi wachanjwe dozi tatu: ya kwanza sasa, ya pili baada ya mwezi 1, ya tatu mwezi wa 6.

Kipimo cha benki ya damu kimesema jambo moja tu, kwamba kirusi kimo. Hakikusema ini likoje. Rudia baada ya miezi 6. Kikiwa bado kimo, ni ugonjwa wa kudumu. Mtu mzima akiambukizwa, zaidi ya 9 katika 10 hukifukuza wenyewe. Mtoto mchanga ni kinyume chake: karibu 9 katika 10 hubaki nacho. Kwa hiyo si ajabu kirusi chako kikawa cha tangu utotoni, na hakuna sababu ya mtu kukuuliza umekipata kwa mwenendo gani.

Usingoje miezi hiyo 6 bila kujua hali ya ini. Omba vipimo hivi: ALT na AST (vimeng'enya vya ini), chembe sahani za damu (zinazoigandisha), wingi wa virusi, ultrasaundi ya ini, homa ya ini C na VVU. Wingi wa virusi ndio wenye gharama na mara nyingi sampuli husafirishwa. Lakini hata kabla hayajarudi majibu hayo, AST na chembe sahani zinatosha kupiga hesabu. Tuseme AST yako ni 80 na kikomo cha maabara ni 40: 80 kwa 40 ni 2. Chembe sahani ni 150: gawanya 2 kwa 150, kisha zidisha kwa 100. Unapata 1.3. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024, ikizidi 0.5 ini limeanza kuwa na makovu na dawa ianze. Huanzishwa pia virusi vikizidi 2,000 kwa mililita huku ALT iko juu. Ikiwa yote yako chini, hupewi dawa. Unafuatiliwa kila miezi 6 hadi 12, na hilo ni tiba kamili, si kutelekezwa.

Dawa ni tenofoviri miligramu 300, kidonge kimoja kwa siku. Hakifuti kirusi bali kinakilaza, ndiyo maana humezwa miaka mingi. Hapa watu hukosea mara mbili. Wa kwanza huanza kabla ya kupima VVU. Akiwa navyo, kidonge hiki peke yake huvifundisha VVU usugu. Wa pili hujiona mzima akaacha ghafla. Kirusi huamka kwa kishindo na ini linaweza kufeli ndani ya wiki chache. Figo zipimwe kwa kreatinini kabla na wakati wa matibabu. Pombe acha kabisa. Na yale majani ya kusafisha: kila unachomeza hupita kwenye ini, nalo ndilo linaloumwa. Tunawaona wanaofika na ini lililofeli baada ya kunywa mchanganyiko ambao hata muuzaji hawezi kutaja vilivyomo. Usinunue.

Wenye mimba wakikutwa na kirusi hiki wasife moyo. Virusi vikizidi 200,000, mama hupewa tenofoviri kuanzia miezi mitatu ya katikati ya mimba, mtoto huchanjwa ndani ya saa 24 tangu azaliwe, na kunyonyesha kunaruhusiwa.

Hamjambo wahariri. Baba yetu ana miaka 67, tuko Pangani. Huu mwezi wa pili macho yake ya njano, mkojo kama chai ya rangi, choo cheupe kama udongo wa kupakia ukuta, anajikuna usiku kucha. Haumwi popote. Amepungua mno. Tumempa dawa ya malaria mara mbili, na tumeletewa majani ya homa ya manjano.

Hatujambo, na poleni. Majani hayo na dawa ya malaria viwekeni kando leo. Homa ya manjano ni ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mbu, huja na homa kali ya siku chache. Baba yenu hana hiyo. Alizonazo ni dalili tatu za mrija ulioziba. Rangi inayokifanya choo kiwe cha kahawia hutokana na nyongo. Isipofika utumboni choo kinapauka, inarudi kwenye damu, na figo zinaitoa kwenye mkojo. Chumvi za nyongo zikijaa mwilini ndizo zinazowasha, hasa viganjani na nyayoni.

Kinachotutia hofu ni kule kutokuumwa. Jiwe kwenye mrija kwa kawaida huuma, na njano yake hupanda na kushuka. Njano inayozidi bila maumivu, pamoja na kukonda, kwa mtu wa umri huo, lazima tufikirie uvimbe kwenye kichwa cha kongosho au kwenye mrija wenyewe. Muulizeni pia kama ameanza kukojoa sana au kuambiwa ana kisukari miezi ya karibuni. Kisukari kipya baada ya miaka 50 pamoja na kukonda wakati mwingine ni kongosho linalotoa taarifa.

Mleteni Tanga mjini wiki hii, hospitali ya rufaa ya mkoa pale Bombo. Damu: bilirubini (rangi ya njano ya nyongo) na aina zake, ALP (kimeng'enya kinachopanda mrija ukiziba), muda wa damu kuganda, kreatinini, sukari. Kisha ultrasaundi, yenye swali moja: mirija imetanuka? Ikiwa imetanuka, inahitajika CT skani yenye dawa ya kung'arisha mishipa. Ombeni CT ifanyike *kabla* hajawekewa bomba la kuzibua, maana bomba, na kongosho kuvimba baada yake, huweza kuficha picha, na daktari wa upasuaji anahitaji kuona kama uvimbe umeikumbatia mishipa mikubwa ya damu. Haujaikumbatia, kuna nafasi ya kuukata. Umeikumbatia au umesambaa, bomba la ndani linalopitishwa kwa kamera ya mdomoni linaondoa njano na muwasho na kumrudishia hamu ya kula. Huduma hiyo mtaifuata Dar es Salaam, kwa hiyo nauli na barua ya rufaa viandaliwe mapema.

Nyongo ikikosekana utumboni vitamini K hainyonywi, na damu haigandi. Asikatwe wala kutobolewa popote kabla ya kupimwa, na kwa kawaida hupewa sindano ya vitamini K miligramu 10. Kwa muwasho: kucha fupi, na maji ya baridi badala ya moto. Dawa za mzio hazisaidii sana hapa zaidi ya kumlaza.

Akipata homa na kutetemeka, msingoje asubuhi. Usaha nyuma ya mrija ulioziba huua kwa siku moja au mbili, na antibiotiki bila kuzibua haitoshi.

Mwanangu ana wiki tano, tuko Muheza. Macho bado ya njano. Naambiwa nimwoteshe jua. Choo chake ni cheupe kama maziwa yaliyoganda.

Mama, mpeleke leo. Njano ya kawaida ya mtoto huondoka ndani ya wiki mbili. Ikipita hapo apimwe bilirubini ya aina ya moja kwa moja. Choo cheupe kinaweza kumaanisha mirija ya nyongo haikuumbika. Upasuaji wake hufanikiwa zaidi kabla ya siku ya 60, na mwanao amefika siku ya 35. Jua haliwezi kufungua mrija. Nenda na nepi yenye choo hicho, daktari aione mchana kwa macho yake, na umwambie kama mkojo unaacha doa la njano, kwani wa mtoto mchanga hautakiwi kuacha rangi.

Kaka yangu anayeishi Mwahako ni mnywaji wa gongo. Alishikwa na maumivu ya chembe ya moyo yanayotoboa mpaka mgongoni, akatapika siku mbili, akawa anapata nafuu akiinama mbele. Walimpima Widali wakasema taifodi. Sindano siku tano hazikusaidia.

Maumivu yanayotoboa hadi mgongoni na kupungua mtu akiinama ni saini ya kongosho. Vimeng'enya vyake, ambavyo vilipaswa kuamka utumboni, vimeamkia ndani na kulisaga lenyewe. Widali hupima kinga ya mwili, na kinga hiyo inaweza kubaki kutoka maambukizi ya zamani. Karatasi yake moja haithibitishi taifodi. Taifodi huthibitishwa kwa kuotesha damu.

Kuthibitisha kuwa kongosho limevimba kuna kanuni ya mbili kati ya tatu: maumivu ya namna hii, lipasi au amilasi (vimeng'enya vya kongosho vinavyopimwa kwenye damu) iliyozidi kikomo mara tatu, na picha inayoonyesha uvimbe. Mgonjwa aliyechelewa apimwe lipasi, kwa sababu amilasi hushuka ndani ya siku 3 hadi 5 na itawadanganya. Na ingawa anakunywa, apigwe ultrasaundi ya mfuko wa nyongo: mawe na pombe ndizo sababu mbili kubwa, na mnywaji naye anaweza kuwa na mawe. Akiwa nayo, mfuko uondolewe kabla hajaruhusiwa kurudi nyumbani, kama ugonjwa haukuwa mkali.

Tiba ya siku za mwanzo ni maji ya mshipa, Ringa hasa, na dawa ya kutosha ya maumivu. Mkojo ndio unaotuambia kama maji yanatosha: mtu wa kilo 60 atoe angalau mililita 30 kwa saa. Ile desturi ya kumfunga mdomo siku tano imepitwa na wakati. Kutapika kukipungua, ale kidogo kidogo ndani ya saa 24. Antibiotiki hazina kazi hapa mpaka pawe na maambukizi. Akipona akarudia gongo, kongosho litakauka polepole, choo kitaelea kwa mafuta, na sukari yake itahitaji insulini.

Nalima mahindi Handeni. Kweli ukungu wa mahindi unaleta saratani ya ini?

Kweli. Sumukuvu ndilo jina lake, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara kwa ini kufeli. Ikiingia kidogo kidogo miaka mingi huleta saratani, na kwa mwenye homa ya ini B hatari huzidi maradufu na zaidi. Kupika hakuiondoi. Kukoboa na kutupa punje zilizobadilika rangi huipunguza. Usiwape ng'ombe mahindi hayo, kwa sababu sumu hupita kwenye maziwa.

Mahindi yahifadhiwe unyevu ukiwa chini ya asilimia 13 au 14. Huna kipimo? Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa. Tia vijiko viwili vya chumvi kavu, ongeza mahindi hadi theluthi ya chupa, funga, tikisa dakika moja, acha dakika 15. Chumvi ikigandamana kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15, yarudishe kwenye turubai. Isipogandamana, yaanike siku moja zaidi kisha yatie kwenye magunia, juu ya mbao, mbali na ukuta.